Prosesa Mbili, Pazia Moja

Chumba kilikuwa kimoja, ila pazia lilikigawa kikawa viwili, na kila upande ulikuwa na mlango wake. Upande wa barabarani alikaa mshonaji na cherehani yake. Upande wa nyuma, unaotokea kichochoroni, alikaa mumewe, fundi wa kompyuta. Mteja aliyekosea mlango aliweza kuingia na suruali ya kupunguzwa kiuno akajikuta anatazamana na mashine iliyopasuliwa tumbo, nyaya nje. Wenyewe walishazoea. Ndoa yao yote ilikaa hivyo, pazia katikati, wakisikilizana bila kutazamana: mume akijua kwa mlio wa pedali kama mkewe amenuna, na mke akijua kwa mlio wa feni kama mgonjwa wa mumewe amepona.

Watu walimwita Fundi Inatosha. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua, kwa mdomo wake.

Wengine waliuza kompyuta kwa kusifu. Yeye aliuza kwa kulinganisha. Ukimwendea na shida ya mashine, hakukuambia chukua hii wala chukua ile. Alipangusa meza, akatandika kipande cha kitambaa cha kijani alichookota kwenye mabaki ya mkewe, akaweka juu yake prosesa mbili, zile bongo za kompyuta, bega kwa bega, kama wachumba wawili walioletwa kutambulishwa. Vitu vyenyewe havizidi ukubwa wa biskuti. Kisha akakuuliza kazi yako ni nini hasa, siyo ile unayoiota, ile unayoifanya kila siku. Ukishamwambia, alifunga prosesa ya kwanza kwenye bodi, akaipa kazi yako hiyo hiyo, akaitazama ikihangaika. Akaifungua, akaifuta kwa spiriti, akafunga ya pili. Alipima mwendo, akapima joto, akasikiliza feni huku kainamisha sikio kama daktari. Mwisho ndipo alipotaja bei, na hapo wengi walikuwa wamekwisha kuona wenyewe.

"Lakini Fundi, si useme tu ipi ni kali?" mteja mmoja alimwuliza.

"Kali kwa nani? Wewe kazi yako kuchapa barua. Hii kubwa ndani yake ni kama jiko lenye wapishi tele. Ukiwaita wote waje kukuchemshia yai moja, mmoja atachemsha, waliobaki watakaa wakisengenyana, na mshahara utawalipa."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hii ndogo. Hii inatosha."

Katika kinywa cha fundi huyu, hapakuwa na sifa ya juu kuliko hiyo. Kali ni kali tu, hata moto wa kuunguza nyumba ni mkali. Lakini kitu kinachotosha kimekutana na kazi yake, hakibani wala hakipwayi, kinafanya kinachotakiwa bila kelele, na mwenyewe analala usingizi. Neno hilo alilipata upande wa pili wa pazia. Huko gauni lilipomkaa mteja vizuri begani na kiunoni, mkewe alitoa pini mdomoni akasema, "Limekutosha," na mteja akageuka mbele ya kioo akicheka peke yake.

Walijaliwa binti wawili. Mkubwa alikuwa wa moto tangu utotoni, mtoto wa kuuliza swali la pili kabla hujamaliza kujibu la kwanza. Masomo aliyala kama karanga, akapanda ngazi moja baada ya nyingine, hadi akaondoka kwenda mji wa mbali kutengeneza programu. Mdogo walimwita Kimya. Hakuwa bubu wala mwoga, ila alikuwa mtu wa kuangalia kwanza. Huyu ndiye aliyekaa na baba yake mezani. Alijifunza kupaka ule ute wa kupozea prosesa, mwembamba, ulio sawa pande zote, mpaka baba akaacha kuhakiki. Alijua kusikiliza feni. Kuna siku walishinda pamoja kutwa nzima wakisemezana maneno matatu tu, nipe, shika na tayari, na fundi alikuja kuzikumbuka siku hizo kuwa ndizo alizoishi.

Hakumwambia. Alidhani anajua.

Siku iliyoharibu mambo ilianza kwa vicheko. Kichochoro kilikuwa kimejaa wanaume waliokuja kutazama mashindano. Fundi alikuwa amefunga prosesa mbili kwenye bodi mbili, ili kumaliza ubishi wa wateja wawili waliowekeana ahadi ya soda. Kimya alikuwa mlangoni na blowa mkononi, akipuliza vumbi kwenye mashine nyingine. Prosesa kubwa ilishinda mbio, ndogo ikashinda joto na bei, kila mtu akadai yeye ndiye mshindi, kelele juu. Ndipo mmoja wao, mtu wa mizaha, akasema:

"Fundi, wewe si unalinganisha kila kitu? Hebu tulinganishie hizi bidhaa zako za nyumbani. Binti zako. Yupi mkali?"

Fundi alikuwa kainama, bisibisi mkononi, kichwa kikiwa bado kwenye mashindano. Ulimi ulijibu kabla yeye hajafika.

"Mkubwa ni moto, hashikiki. Huyu mdogo," akasema bila kuinua uso, "huyu anatosha."

Wanaume wakaangua kicheko. "Wa bei nafuu huyo!" mmoja akadakia. "Hali umeme mwingi!"

Blowa ikanyamaza.

Fundi alipoinua kichwa, Kimya alikuwa anakunja waya wa blowa, pole pole, duara juu ya duara, kama alivyomfundisha ili waya usikatike ndani. Akaiweka mahali pake. Akapangusa mikono. Akapita katikati ya wale wanaume, akainua pazia, akatokea upande wa mama yake.

Kesho yake hakuja mezani, wala keshokutwa. Alipata kibarua kwenye duka la vifaa vya shule, baadaye akahamia kwake. Si kwamba aliwatupa wazazi. Alikuja kila baada ya siku chache, akaleta hiki na kile, akakaa kwenye kigoda karibu na cherehani akimsaidia mama yake kushona pindo. Na baba yake alimwamkia, tena kwa adabu zote, kupitia pazia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Basi. Pazia hakulivuka tena. Miaka ilipita hivyo, na kigoda chake upande wa meza kikabaki kinawekewa makava ya mashine na skrubu.

Fundi alilaumu neno. Usiku na mchana alilichambua. Aliona dhahiri kwamba yeye alisema sifa na mtoto akasikia tusi, kwamba aliposema anatosha alikuwa na maana ya gauni lililokaa begani, naye mtoto akasikia kitu cha kujishikizia mpaka kizuri kipatikane. Mara nyingi alisimama karibu na pazia akitaka kueleza, na kila mara akarudi mezani, maana maelezo kila alivyoyapanga yalitoka kama mtu anayetetea bidhaa mbovu. Akaliacha neno lenyewe. Wateja walishangaa kumsikia akisema "hii itakufaa" au "hii ni ya kiasi chako". Lakini jina halikumwachia. "Fundi Inatosha yupo?" walibisha hodi, na yeye akaitika kila siku, na kila siku likamchoma kidogo mahali pale pale.

Siku moja mchana, pazia likainuliwa.

"Shikamoo, Baba."

Safari hii sauti haikupita kwenye kitambaa. Fundi alidondosha skrubu, ikabingirika chini ya meza, hakuifuata.

"Marahaba, mama. Karibu. Karibu ukae." Akaondoa makava kwenye kigoda kwa mikono miwili, mengine yakamwangukia miguuni.

"Nimekuja kama mteja," alisema Kimya.

"Hata kama mteja. Kaa."

Alikuwa amepata kazi ya kusoma vitabu kwa sauti, akivirekodi kwa ajili ya watu wasioona na wale wasio na nafasi ya kushika kitabu. Yule mtoto wa maneno matatu sasa alikuwa akila kwa sauti yake. Alisomea kwenye chumba chake, kidogo, ukuta wote kautundikia mablanketi ili mwangwi usirudi. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa inakata roho katikati ya sura. Alikuwa anataka mpya, na alishaipunguza orodha ikabaki ya prosesa mbili, kubwa na ndogo. Bei ya ile kubwa ingenunua ndogo mbili na chenji ibaki.

"Nimesoma habari zake zote," alisema. "Kila mtu anasema lake. Nataka unilinganishie wewe. Kwa kazi yangu hii."

Kutoka upande wa pili, pedali ya cherehani ilikuwa imesimama muda mrefu.

Fundi alitandika kitambaa cha kijani. Akafuta ukingo wa meza uliokwisha kuwa safi. Kimya alimpa sauti zake mwenyewe za kujaribia, na programu anayoitumia, ile inayosafisha sauti papo hapo msomaji anaposoma. Fundi akafunga kubwa kwanza. Ikaimeza kazi kama maji. Lakini kadiri dakika zilivyokwenda, joto likapanda, feni ikaanza kupandisha sauti, mara ikavuma, ikatulia, ikavuma tena, kama mtu mwenye pumu anayepanda mlima. Akaifungua, akafuta, akafunga ndogo. Hii ilichelewa, lakini si kwa kitu cha kuhadithia. Kwa muda huo mtu angekunywa mafunda mawili ya chai. Na feni yake ilizunguka kwa mlio wa mtoto aliyelala. Ulilazimika kuusogelea ili uamini ipo.

Hapakuwa na ubishi. Mtu anayerekodi sauti kwenye chumba kidogo kisicho na upepo, amwekee mashine inayovuma ya nini? Ndogo ilishinda kwa joto, kwa ukimya, kwa bei, na kwenye mwendo ilikosa kidogo sana. Hata mteja wa kwanza katika maisha yake fundi angemwambia bila kusita.

Akafungua mdomo. Na neno pekee lililokuja, kwa sababu ndilo pekee lililokuwa kweli, lilikuwa lile lile. Hii ndogo inatosha. Amtazame mtoto huyu, kwenye kigoda hiki, aseme hivyo? Akaona nafasi ambayo miaka yote aliitafuta, ya kumpa mtoto kile cha juu, mbele ya macho yake, ili aone.

"Chukua kubwa," akasema.

Kimya aliinua nyusi. "Kubwa?"

"Kubwa."

"Na hii feni?"

"Feni nitakuwekea nzuri. Wewe unastahili kitu kikali."

Kimya alimtazama kitambo, kisha akazitazama prosesa mbili pale kitambaani. "Haya," alisema. "Wewe ndiye fundi."

Aliiunganisha mashine ile kama anayejenga nyumba ya kuishi mwenyewe. Binti alipoondoka nayo, fundi alibaki akipiga mluzi, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka. Mkewe akachungulia pazia, pini bado mdomoni.

"Nimezisikia zote mbili," alisema.

"Umesikia nini?"

"Mlio. Mimi si mjinga wa kompyuta kiasi hicho, nimelala na mlio wa feni zako tangu nikiwa msichana. Umemuuzia mtoto joto."

"Nimempa bora."

"Umempa gauni la harusi aende nalo sokoni." Pazia likashuka.

Mluzi ukafia hapo. Lakini hata hivyo hakumfuata mtoto. Alijiambia feni ile ni nzuri. Alijiambia labda chumba kina dirisha.

Kimya alirudi kabla mwezi haujaisha, kaikumbatia mashine ndani ya shuka. Aliingia kwa mlango wa kichochoroni, mlango wa wateja. Akaamkia, akaiweka mezani, akachomeka spika, bila neno lingine akabonyeza.

Sauti yake ikajaa chumbani. Ilikuwa sauti nzuri, isiyo na haraka, ya mtu anayeshika maneno kwa vidole safi. Siku ya majaribio fundi alisikiliza feni tu, hakuwahi kumsikia mwanawe akisoma. Alianza kutabasamu. Kisha nyuma ya sauti ukaingia upepo, mwembamba, ukapanda, ukawa mvumo, na kila msomaji alipotua kwenye nukta, mvumo ule ukajaza ile nafasi kama mgeni asiyejua kunyamaza.

"Kitabu kizima kiko hivyo," alisema Kimya. "Nimejaribu kuiweka chini ya meza. Nimejaribu kuifunika kwa mto, ikajizima kwa joto, ikaondoka na sura niliyoisoma asubuhi nzima. Wenye kazi wamekikataa kitabu. Wamempa msomaji mwingine."

Fundi alikaa chini. "Naweza kuipunguza nguvu," alisema kwa sauti ndogo. "Kuifunga breki."

"Halafu nitakuwa nimenunua kubwa ili itembee kama ndogo."

"Ndiyo."

"Baba. Ulijua?"

Angeweza kusema lolote. Angeweza kulaumu chumba, mablanketi, kiwanda. Upande wa pili pedali haikusikika.

"Nilijua," alisema.

"Sasa kwa nini?"

Ndipo yakamtoka, yote, kama maji ya ndoo iliyojikwaa. Kwamba siku ile ya blowa hakuwa na maana ile. Kwamba kutosha kwake ni sifa, muulize mama yako, muulize mteja yeyote. Kwamba miaka yote hii neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na siku ulipokuja ilibidi nilitamke tena, kwako wewe, nikashindwa, nikasema afadhali nikupe kubwa ili ujue kwamba kwangu wewe si... si wa...

"Inatosha, Baba," alisema Kimya.

Fundi hakujua amekusudia ipi kati ya maana zote zinazokaa ndani ya neno lile.

"Unafikiri ni neno?" aliuliza Kimya. Hakuwa mkali, alikuwa anatazama kitambaa cha kijani. "Mimi nililelewa kwenye meza hii. Nilijua ukisema kitu kinatosha umekipenda. Nilikusikia ukiziambia prosesa hivyo kwa sauti ambayo sisi hukututolea. Neno halikuniuma."

"Sasa nini, mama?"

"Ulituweka mezani. Mimi na dada. Yule bwana alipouliza, ungemwambia hawa ni wanangu, hawalinganishwi. Hata kwa utani. Lakini ulitupima. Wala hukuhitaji kufikiri, jibu lilikuwa tayari, kwa hiyo nikajua umekuwa ukitupima siku zote."



"Na juzi nimekuja kununua mashine," aliendelea Kimya. "Nikakuta bado tuko pale pale mezani, mimi na dada. Safari hii ukanipa ushindi. Mimi sikuomba ushindi, Baba. Niliomba mashine isiyopiga kelele."

Miaka yote fundi alikuwa akilipigia magoti neno, na neno halikuwa na kosa. Alikuwa ametafuta mahali palipovunjika kwa taa kali kabisa, kwenye chombo kisicho chenyewe. Sasa alikumbuka mengine. Ripoti mbili za shule zikiwekwa sambamba. Viatu viwili, sauti mbili, hata kimo, ukutani, alama mbili za penseli. Alidhani ndiyo kuwajali.

"Mwenzio," aliuliza mwishowe, "dada yako... naye alisikia?"

"Nilimsimulia, naye akasikia yake. Kuwa moto kila siku nako si mchezo." Akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza. "Tunaongea kila jioni. Yeye ndiye aliyenipa majina ya hizo prosesa. Akaniambia chukua ndogo. Nikasema nataka nisikie kwa Baba."

Hilo ndilo lililomshinda. Aligeukia kabati akajifanya anatafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwake.

Alifungua mashine. Akaitoa kubwa, akaifuta, akaiweka ndani ya boksi lake. Hakutandika kitambaa. Alikikunja kile cha kijani akakitia mfukoni. Akaifunga ndogo, kisha akasukuma ule mrija wa ute wa kupozea upande wa pili wa meza, bila kusema kitu. Kimya aliutazama. Akauchukua, akapaka, mwembamba, ulio sawa pande zote. Mkono wake ulikuwa haujasahau.

"Shika," alisema fundi.

Akashika.

"Tayari," alisema Kimya.

Walifunga milango yote miwili. Mama aliombwa aache cherehani, akajibu kutoka upande wa pili kwamba ameiacha tangu asubuhi, hivi wanadhani yeye ni kiziwi? Kimya akasoma mistari michache kutoka kichwani, akatua, akasoma tena. Wakaisikiliza wote watatu. Sauti ilikuja, ikatua kwenye nukta, na baada ya nukta hapakuwa na kitu. Kimya kitupu, safi, kilichokaa mahali pake.

"Ipo sawa?" aliuliza fundi.

"Ipo sawa."

Tofauti ya bei alimrudishia yote, na binti aliipokea, jambo ambalo fundi alilishukuru. Akaifunga mashine kwenye shuka lake. Fundi alisimama, akataka kumwomba abaki, angalau leo, kigoda kipo wazi. Aliona jinsi maneno hayo yangefika, kama mtu anayejaribu kurudishiwa kitu alichouza. Akamfungulia mlango tu.

"Nitakuja Jumapili," alisema Kimya. "Kumsaidia Mama pindo."

"Karibu, mwanangu."

"Na kile kitabu walichokikataa nitakisoma upya, kwa ajili yangu. Ukitaka nitakuletea usikilize."

"Niletee."

Aliondoka kwa kichochoroni, akiikumbatia mashine isiyosikika. Fundi alibaki amesimama mlangoni. Jirani mmoja aliyekuwa akipita na kompyuta kwapani alimpungia mkono.

"Fundi Inatosha! Nina prosesa mbili nyumbani, sijui nichukue ipi. Utanilinganishia?"

"Ndiyo kazi yangu," alisema fundi. "Zilete."

Lakini jirani alipokwenda kuzifuata, aliingia ndani, akalikusanya pazia lote upande mmoja na kulifunga kwa kamba, ili siku ya Jumapili kigoda cha kwenye cherehani na hiki cha mezani vionekane kwa pamoja. Mkewe alimtazama, pini mdomoni. Hakumwuliza. Alisogeza mguu, na pedali ikaanza kwenda.